Communiqué Ingine

"Jeannine? Ulikuya kazi?"

Audrey, fundi wa mitambo, alisimama mlangoni pa studio ya redio mjini Butembo na kikombe cha chai mkononi, akamkodolea macho mwenzake kama mtu aliyekuta mbuzi kanisani. Jeannine hakuinua kichwa. Alikuwa akipanga makaratasi ya communiqué, yale matangazo ya vifo, kama alivyoyapanga kila asubuhi kwa miaka minne: wa Butembo huku, wa Lubero kule, na wa Beni na Mangina chini kabisa, kwa kuwa hao ndio waliokuwa wengi.

"Nisikuye juu ya nini? Si leo ni jeudi, siku ya kazi?"

"Mais... na kilio?"

"Kilio ya nani?"

Audrey akakiweka kikombe chini polepole. Akaufunga mlango nyuma yake.

"Jeannine. Kilio ya papa yake Valentin. Kakule Stanislas, wa Boikene. Ni weye njo ulimusoma mardi, saa sita na nusu. Mi nilikuwa ku mashine, nikajiambia, huyu mwanamuke iko na nguvu ya simba. Nikafikiri kisha pale ulipanda pikipiki ukaenda Beni. Jana balimuzika."

Jeannine akangoja. Alingoja moyo ushtuke, kitu chochote kile. Hakuna kilichokuja. Alichokisikia ni hamu tu ya kukaa, na alikuwa tayari amekaa. Hapo ndipo alipoogopa. Kifo cha mzee hakikumtisha, ila kilimtisha kile kimya kilichokuwa ndani ya kifua chake.

"Nipe casque yako ya moto," alisema, akionyesha kofia ya pikipiki ukutani. "Leo utasoma weye."

"Mi? Mi sijasoma ata siku moja!"

"Fungua kinywa, soma. Haiombi kintu ingine."

Na ndivyo alivyotoka, bila hata kuchukua koti.

Barabara ya kwenda Beni alikuwa akiipenda zamani. Zamani, pikipiki ikishafika Maboya, alikuwa akimhimiza dereva, maana kila kona ilikuwa ikimsogeza kwa Valentin, mchumba wake. Leo alikaa nyuma ya dereva amekauka, vumbi jekundu likimpaka uso, akajaribu kulia. Mtu atashangaa, kulia hujaribiwa? Yeye alijaribu. Alimfikiria mzee, akafikiria meno yake mawili ya mbele yaliyoachana, akafinya macho. Yalitoka machozi kidogo kwa ajili ya upepo.

Na ajabu ni kwamba penzi lake lote lilianzia kwenye machozi.

Mwaka ule wa kwanza wa kazi alisoma tangazo la mapacha wawili wa Mabalako, waliokufa juma moja. Alipofika kwenye umri wao, miezi saba, sauti ikakatika. Redio nzima ikanyamaza, kisha Beni na Butembo zikamsikia akilia hewani kama mtoto. Mkurugenzi alimkaripia mpaka jioni. Lakini siku ya pili ikaingia simu studioni. "Mi ni Valentin, natengeneza radio huku Boikene. Jana nilikuwa nimefungua radio moja ili niijaribu, nikasikia mutu analia. Nilifikiri ni radio njo ilikuwa mubaya. Nataka kujua tu: dada yule alikula?" Hakuna aliyewahi kumuuliza kama amekula. Miezi mitatu baadaye walikutana, mwaka wa tatu mbuzi wa mahari wakafika kwa wazazi wake, na ndoa ya kanisa ikawekwa mwezi wa nane unaokuja.

Mzee ndiye aliyempenda zaidi. Alikuwa mkulima wa kakao Mangina, akaja kuishi mtaa wa Boikene, Beni, baada ya kuyakimbia mashamba yake kwa sababu ya vita, na kitu pekee alichokibeba kutoka kule, mbali na mkewe, kilikuwa redio. Kila Jeannine alipofika, mzee alimkalisha karibu. "Masika wa redio," alimwita, kwa jina lake la mzaliwa wa kwanza wa kike, "sema kidogo 'basikilizaji bapendwa' nicheke." Siku moja, akiwa anamenya parachichi, alimwambia kitu kingine. "Siku yangu ikifika, unisome weye. Lakini usinikimbize. Munasomaka batu mbio sana, sawa mutu anafukuza kuku. Mi unisome polepole." Jeannine akaahidi, akicheka, maana wakati ule alikuwa bado anacheka.

Ahadi hiyo ilimwingia akilini pikipiki ilipokuwa ikishuka kuingia mjini Beni. Siku ile ya mardi, Jumanne, alikuwa na matangazo kumi na tisa. Hakukumbuka kumsoma polepole mtu yeyote.

Akaanza kutafuta maneno ya kujitetea. Kakule! Huku kwetu mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa, na hakuna mtaa usio na Kakule watano. Kakule Stanislas wako wangapi kati ya Butembo na Beni? Wala yeye hakuwa akimwita mzee hivyo, alimwita Papa Muyisa, kwa jina la mtoto wake mkubwa, kama kila mtu. Ndiyo. Angesema hivyo. Mtu mwenye akili angeelewa.

Uani kwa mzee walikuwa wamefunga bâche, turubai la bluu, na chini yake wanawake wameketi kwenye mikeka. Alipoingia, mazungumzo yakakatika. Mama Godelive, mjane, alikuwa katikati, kitambaa cheusi kichwani, kitabu cha nyimbo mapajani. Hakusimama.

"Njo huyu," alisema, bila kumwambia mtu yeyote hasa. "Siku tatu."

Jeannine akapiga magoti. "Pole, Mama."

"Pole ya nini? Ya communiqué?"

"Mama, munisamehe. Sikujua kama ni Papa. Kakule Stanislas biko bengi sana. Na mi nilimujuaka tu na jina ya Papa Muyisa. Kama ningejua, ata sauti isingetoka."

Yalitoka vizuri, kwa mpango, kama alivyoyatunga njiani. Akainua macho na kumwona Valentin amesimama kwenye mlango wa nyumba. Ndevu zilikuwa zimemwota. Alikuwa akimtazama kama mtu anayesubiri jibu la daktari, na kwa nukta moja Jeannine aliona matumaini usoni pake: alitaka sana maneno hayo yawe kweli.

Mama Godelive akafungua kitabu cha nyimbo, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Hii njo tulituma ku redio. Mukono ni yangu mwenyewe. Soma."

"Mama..."

"Si ni kazi yako? Soma, batu basikie."

Jeannine akaipokea. Na sauti, sauti ile ile, ikaingia kwenye njia yake yenyewe, laini, bila kukwaruza, kama redioni. "Familia ya Papa Kakule Stanislas, wa Boikene ku Beni, iko na huzuni kubwa ya kujulisha ndugu na marafiki kifo ya papa yabo mupendwa, kilitokea lundi ku hôpital. Bajulishwe batoto yake: Muyisa ku Mangina. Débora ku Alimbongo. Valentin, mutengenezaji wa radio, ku Boikene. Na Masika Jeannine wa redio, binti yetu, ku Butembo..."

Akasimama.

Sauti ilikuwa imekatika; akalirudia jina lile kwa macho tu. Masika Jeannine wa redio, binti yetu. Lilikuwa limeandikwa kwa wino wa bluu, na neno "binti" lilikandamizwa mpaka karatasi ikataka kutoboka.

"Unaona?" Mama Godelive alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Leo umesimama. Mardi haukusimama. Mi nilikuwa nimeweka sikio ku radio, hivi. Papa mwenyewe, ku kitanda yake ya hôpital, aliniambia: 'Ku communiqué, Masika wangu asikose. Na usiandike muchumba ya Valentin. Andika binti yetu.' Mi nilikataa. Nilisema mbuzi zilifika, lakini kanisa bado. Akasema, Godelive, andika. Donc niliandika. Kisha nikangoya. Nilisema, akifika ku jina yake atakwama, ata kidogo, tutajua kama iko na roho. Haukukwama, mama. Ulijiita mwenyewe ku kilio, ukapita. Ukasema 'communiqué ingine'."

Wanawake waliokuwa kwenye mikeka wakaguna. Mmoja akasema, kwa sauti ya kutaka kusikika, "Muke asiye na machozi, ataleta nini ku nyumba ya batu?"

Mlangoni hapakuwa na mtu tena. Valentin alikuwa ameingia ndani.

Uongo wake ulikuwa umelala pale kwenye mkeka, kila mtu akiuona. Jeannine angeweza kuondoka. Pikipiki zilikuwa nje, na Butembo haiko mbali. Lakini alikuwa amechoka hata kukimbia, na labda uchovu huo ndio uliomtoa ukweli mdomoni.

"Mama, nilisema bongo. Si juu ya Kakule bengi. Ata mungeandika jina ya mama yangu mwenye alinizala, ningesoma. Sisikiaka tena. Maneno inapita ndani yangu sawa maji mu bomba. Bomba hainywi."

"Tangu lini?"

"Sijui. Pengine mwaka. Nilifikiri ni malaria. Nilikunywa dawa ya malaria mara tatu. Infirmière wa kwetu, Mariette, akapima damu, akaniambia, Jeannine, hauna ata mududu mumoja wa malaria mu damu, uko mugonjwa wa kuchoka. Moyo njo umechoka. Acha kazi miezi mbili. Nilimucheka. Nikamuuliza, basi nani atasoma bafu, hawa batu balikufa?"

Mama Godelive alimtazama kwa muda mrefu. Alikuwa mwanamke aliyezika watu wengi, na hakuwa na haraka.

"Lia basi," alisema.

"Siwezi, Mama. Nilijaribu tangu Maboya."

Mama Godelive aliichukua karatasi, akaikunja mara nne, akairudisha kwenye kitabu.

"Mwenye hawezi kulia anasaidiaka jikoni. Sombe iko kule nyuma, haijapondwa. Mambo ya ndoa tutaongea kisha." Akafunga kitabu. "Ama hatutaongea."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na kinu, na rundo la majani ya muhogo. Jeannine akafunga kitenge vizuri, akashika mchi. Angalau mikono ilikuwa inajua kazi. Alikuwa amepiga kama mara mia hivi Valentin alipokuja, akakaa kwenye kigogo cha kuni, mbali kidogo, viwiko magotini.

"Mardi jioni," alisema, "ulinitumia message. 'Umekula?'"

"Eeh."

"Sikukupigia simu, juu nilijua karatasi itakufikia mbele. Papa iko mu morgue, weye mwenyewe umemutangaza ku dunia muzima, kisha unaniuliza kama nilikula. Nilizima simu, Jeannine. Niliogopa kuivunja."

Hakumwita Masika, kama alivyozoea. Aliliona hilo, kama mtu anavyoona kwamba mvua imeanza kwenye mlima wa mbali.

"Na mi sikuona kama haukujibu," alisema. "Ile pia uijue. Siku mbili sikuona."

Valentin akafunga macho. "Juu ya nini unanielezea? Weye haunaka huruma?"

"Juu nimetoka kusema bongo mbele ya mama yako, na ilinishinda."

Mchi ukapanda, ukashuka. Valentin alizungumza akitazama chini. "Mi nilikupenda juu ya kulia. Unajua? Bengine banapenda sura, mi nilikuwa sijakuona ata sura. Nilisema, pale kuna mutu mumoja mwenye bafu ya Mabalako bangali batu kwake. Nilikuwa naweka sauti yako ku kila radio nilitengeneza. Bateja banauliza, Valentin, hauna station ingine? Sasa nasikiliza, nasikia mutu anasoma vizuri tu. Yule mwanamuke iko wapi?"

"Ata mi namutafuta."

"Unanipenda?"

Swali lenyewe lilikuwa jepesi, na wasichana wote wanalijua jibu lake. Jeannine akausimamisha mchi. Alimtazama kwa kweli, kwa mara ya kwanza tangu afike: mikono yenye makovu ya chuma cha kulehemu, shati la kilio ambalo halikupigwa pasi, macho mekundu.

"Nilikuwa nakupenda mpaka tumbo inaniuma," alisema. "Ile naikumbuka, si bongo. Leo nakuangalia, naona mutu muzuri, hajanyoa, analia papa yake. Nataka kukulilia. Haitoki. Sijui kama imekufa ama imelala, Valentin. Ukitaka kunirudisha kwetu, mi sitakushitaki ku mutu. Mbuzi zitarudi."

Akamwona akikunja taya. Alidhani angesimama aende zake, na angekuwa na haki. Badala yake simu yake Jeannine ikalia kwenye mfuko wa kitenge. Alikuwa Mkurugenzi. Akaitikia na mikono yake ya kijani.

"Jeannine! Uko wapi? Communiqué zimeyaa meza, huyu Audrey anatetemeka sawa kuku. Najua uko na kilio, pole sana, mais bafu habangoyi. Kesho asubuhi uko hapa?"

"Hapana, Directeur."

"Samedi basi."

"Hapana."

"Donc lini?"

"Sijui. Nitaacha. Pengine miezi mbili, pengine nyingi. Mi ni mugonjwa."

"Malaria?"

"Hapana," alisema, na akakata. Katika miaka minne hakuwahi kumwambia Mkurugenzi hapana hata moja, na sasa alikuwa amempa tatu kwa pumzi moja. Valentin alikuwa amesikia yote. Alibaki ameketi kwenye kigogo.

Kwenye msumari wa mlango wa nyuma ilining'inia redio ya mzee, ile ya Mangina, iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli kwa sababu Valentin aliitengeneza mara tatu na mzee akakataa katakata kununua nyingine. Chini yake kilikaa kigoda cha mzee, na kando ya kigoda mabuti yake ya mpira, matope yakiwa bado yamekauka kwenye visigino. Saa sita na nusu ikafika. Mtu mmoja kati ya wanawake, kwa mazoea tu, alipita akaiwasha. Nyumba ile haikuwahi kukosa matangazo.

Sauti ya Audrey ikatoka ikitetemeka. "Basikilizaji... basikilizaji bapendwa. Familia ya Mama Kahindo Adèle, wa Mabalako, inajulisha..."

Jeannine akashika mchi tena. Akaponda. Na Valentin, aliyekuwa akimtazama, aliona kitu kilichomsimamisha nywele. Midomo yake ilikuwa inatembea. Audrey hajafika kwenye neno, midomo ya Jeannine imeshafika: kifo ya mama yabo mupendwa, bajulishwe batoto yake, communiqué ingine. Macho hayakuwa yakitazama popote. Mchi ulifuata maneno, maneno yalifuata mchi, na uso ulikuwa kama ukuta uliopakwa chokaa.

Hasira aliyokuwa nayo tangu Jumanne haikuondoka. Ilibaki pale pale. Lakini juu yake ikaja huruma, nzito kuliko hasira, maana fundi huitambua mashine inayojiendesha yenyewe mpaka inaungua.

Akasimama. Akaitoa redio kwenye msumari, akafungua kifuniko cha nyuma, akachomoa piles, betri zake nne, moja moja. Audrey akakatika katikati ya jina la mtu. Valentin akaja mpaka kwenye kinu, akaufungua mkono wa Jeannine uliokuwa umeng'ang'ania mchi, kidole kwa kidole, akamwekea zile piles kiganjani.

"Zikamate weye," alisema. "Ku nyumba hii hakuna mwenye atawasha mpaka siku utazirudisha."

"Na mama?"

Mama Godelive alikuwa amefika kwenye kona ya nyumba, kitabu kwapani. Aliiona redio iliyo wazi mgongo, akawaona wao. Wote wawili wakangoja neno lake. Akageuka, akarudi kwenye mikeka.

"Na ndoa?" Jeannine aliuliza.

"Sijui, Masika. Ngoya nilie papa kwanza."

Kukawa kimya. Kilikuwa kimya cha kawaida cha nyumba ya kilio: kuku wanaparua, mtu anakohoa kule mbele, sufuria inachemka. Ila kwa Jeannine kilikuwa kipya, kwa kuwa ndani yake maneno yalikuwa yamesimama na hakuna lililokuwa likisukuma jingine. Akayatazama mabuti. Akakitazama kigoda, ambacho katikati kilikuwa kimelika kwa kukaliwa, na hakuna aliyekuwa amekikalia. Akangoja kusikia "Masika wa redio". Akangoja sana.

"Valentin."

"Eh."

"Papa alikufa."

Alilisema kwa mshangao, kama mtu aliyeletewa habari sasa hivi, yeye aliyeitangazia nchi nzima. Valentin akafungua kinywa, akaelewa, akakifunga. Kisha akajibu kwa upole, kama anavyojibiwa mtu aliyefika wa mwisho.

"Eeh, Masika. Alikufa."

"Papa Kakule." Akazikaza piles mpaka zikagongana kiganjani. "Papa Kakule Stanislas. Wa Mangina. Wa Boikene. Papa yetu." Kila neno lilichukua muda wake, na hakulikimbiza hata moja. "Alikufa."

Valentin akangoja. Jeannine hakusema "communiqué ingine".